Anayelipa Ndiye Anayesoma

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba nchi ya Tele iko mbali sana na hapo ulipokaa. Kufika huko unapita nchi saba, na kila mpakani unagongewa muhuri na mtu aliyenuna. Kwa hiyo ukiona humu jambo linalofanana na la kwenu, jua ni macho yako yamechoka, mimi sihusiki. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika Chuo cha Taifa cha Afya cha nchi hiyo, dirisha namba tatu, dirisha la ada. Jina langu Zakaria Mdoe. Wanafunzi waliniita Mzee Dirisha, na sikuwahi kununa, maana wakubwa zangu walipewa majina mabaya zaidi.

Tele ni nchi tajiri. Hilo tunaliimba kila Jumatatu asubuhi kwenye gwaride, watumishi wote, na asiyeimba kwa sauti hukatwa posho ya kuimba.

Zamani ada ya chuo ililipwa kwa awamu nne. Mama wa mwanafunzi aliuza mpunga, akaja akalipa kidogo. Baba akauza mbuzi, akaja akalipa kidogo tena. Mimi niliandika risiti, nikagonga muhuri, mtoto akaingia darasani. Ulikuwa utaratibu wa kishamba kweli, na ubaya wake mkubwa ni kwamba watoto walikuwa wanamaliza chuo.

Ndipo tukaletewa Waziri mpya wa Elimu ya Juu na Juu Zaidi, Mheshimiwa Dokta Ponsiano Lwakatema. Udokta alitunukiwa na chuo chetu wenyewe, siku alipotuzindulia choo cha wageni. Alikuja akasimama jukwaani, akanywa maji, akafuta midomo, akatuangalia kwa huruma.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimefanya utafiti wa kina. Nimemuuliza dereva wangu. Maskini ni nani? Maskini ni yule anayenunua sukari ya kupima, mafuta ya kupima, na sasa anataka hata elimu ya kupima! Kulipa kidogo kidogo ndiko kunakomfanya abaki maskini. Sisi Serikali tukimkataza kulipa kidogo kidogo, umaskini utakosa pa kukaa, na utaondoka wenyewe!"

Tulipiga makofi mpaka mpambe wake akatuonyesha kwa mkono kwamba inatosha. Wiki iliyofuata ukashuka Waraka Namba Tisa. Ulikuwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza, ada yote ya mwaka ilipwe kwa mkupuo mmoja, kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa inayotangulia mtihani. Ya pili, ili kukomesha udanganyifu, jina la aliyelipa ndilo jina la mwanafunzi. Kanuni hiyo ya pili iliandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya geti letu: ANAYELIPA NDIYE ANAYESOMA. Watoto wa wakubwa haikuwasumbua, kwa kuwa walifunguliwa akaunti benki tangu wakiwa tumboni.

Sisi wa madirishani tulipelekwa semina ya siku tatu katika hoteli yenye bwawa la kuogelea. Tulifundishwa sentensi moja, ya kumwambia kila atakayekuja na pesa pungufu: "Mfuko mmoja, mkupuo mmoja, karibu tena." Siku ya kwanza tulijifunza "mfuko mmoja." Siku ya pili, "mkupuo mmoja." Siku ya tatu ilikuwa ya tabasamu. Posho niliyolipwa kwa semina ile ingemlipia mwanafunzi ada ya nusu mwaka, na niliipokea, siwezi kudanganya. Tuliporudi tulikuta kamera juu ya kila dirisha, ya kuhakikisha tunatabasamu.

*

Leokadia Mbawala alikuwa mwanafunzi wa Ukunga, mwaka wa tatu, yaani wa mwisho. Tulikuwa tunakaa mtaa mmoja, Mtaa wa Kokoto, ambako mama yake, Skolastika, aliuza uji kwenye foleni ya zahanati. Zahanati yenyewe ilikuwa na kitanda, mizani na picha ya Rais. Mkunga hakuwapo. Wa mwisho alistaafu miaka minne iliyopita, na tangu hapo mjamzito akifika anapewa namba ya simu ya mstaafu huyo. Ikiita, ana bahati. Leokadia alikulia kwenye foleni ile akimiminia watu uji, na aliyoyaona pale aliyaona. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja: akae kwenye mtihani wa mwisho wa Juni, apate cheti, arudi kwenye zahanati ileile avae gauni jeupe.

Aliomba mkopo wa Serikali. Fomu ilidai picha ya nyumba ya mwombaji, iliyopigwa kutoka pande nne. Wao walipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Alhaji mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Leokadia akapiga picha kama alivyoagizwa, na kwenye kila picha likaonekana bati jekundu la Alhaji, dishi la Alhaji, na upande wa nne Alhaji mwenyewe akipungia mkono. Jibu likaja baada ya miezi mitano: mwombaji anaishi maisha ya anasa, na aache kuwanyima nafasi walio na shida.

Darasa lake lilianza na wanafunzi sitini na wawili. Waraka ulipotoka wakabaki thelathini, na kufikia Juni walikuwa kumi na tisa, Leokadia akiwamo. Mwenzake mmoja alikuwa anachoma mahindi nje ya geti, na ukinunua hindi alikueleza bure jinsi ya kumkinga kichanga na baridi.

Wiki tatu kabla ya mtihani alikuja dirishani kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta?"

"Nina laki mbili na nusu, mzee. Mama kauza mkokoteni na lile sufuria kubwa. Naomba unipokelee hiyo, iliyobaki natafuta."

Ada ilikuwa milioni moja na laki mbili. Niliitazama kamera. Nilisema: "Mfuko mmoja, mkupuo mmoja, karibu tena." Nikatabasamu.

"Na wewe mzee umeyasomea maneno hayo?"

"Kwa siku tatu," nikasema.

Nilirudi nyumbani na hasira ambazo sikujua nimtupie nani, nikaishia kumgombeza mke wangu kwa sababu ya chumvi.

*

Mtaa wa Kokoto ukaamua kufanya kile ambacho mitaa yote ya Tele hufanya Serikali inapofanya yake: ukachanga. Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada, uani kwa Alhaji. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nguvumali, fundi baiskeli, mtu mwaminifu anayerudisha hata nati iliyobaki.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo. Mwaka uliopita mtaa ulichangia harusi, na mtunza hazina wa siku hizo akahama usiku na hazina yake. Tangu hapo Kokoto walijiwekea sheria: hakuna kumkabidhi mtu pesa mkononi. Kila mchangaji atume mwenyewe kwa simu yake, moja kwa moja kunakohusika, halafu siku ya kikao asimame aonyeshe meseji. Mzee Nguvumali huisoma kwa sauti, jina na kiasi, na watu wanapiga makofi. Si uwazi tu, ni heshima. Mtu aliyetuma elfu mbili husikia jina lake likisomwa sawa na la mwenye duka.

"Leokadia binti yetu," alisema Mzee Nguvumali, "tupe hiyo namba ya malipo uliyopewa na chuo."

Leokadia akaitaja. Watu wakatoa simu. Alhaji alituma laki tatu, labda kwa sababu ya zile picha. Wauza mchicha wakatuma elfu tano tano. Chausiku, mshona nguo, mwenye mimba ya miezi minane, alituma elfu kumi na tano akasema, "Mimi nalipia kitanda changu mapema. Huyu ndiye atakayenizalisha, sitaki kupiga simu ya mstaafu." Watu wakacheka. Skolastika akatuma laki mbili na nusu yake. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango. Mtumishi wa dirisha haruhusiwi kumchangia mwanafunzi, imeandikwa. Nikaiangalia simu, nikaizima, nikaiwasha, nikatuma elfu ishirini.

Meseji zilisomwa arobaini na tatu. Jumla milioni moja na laki mbili kamili, na Skolastika alikaa chini mavumbini akalia. Ilikuwa Jumapili, na mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa. Nami, niliyesomea sentensi kwa siku tatu na kupita chini ya maandishi ya dhahabu kila asubuhi, sikufikiria hata mara moja kuwaambia wamtumie kwanza Leokadia, alipe mwenyewe kwa jina lake. Hilo najilaumu mpaka leo.

*

Ijumaa saa kumi jioni mtambo ulifunga hesabu. Jumamosi asubuhi niliitwa na Msajili, Bibi Doroteya Kihwele, mwanamke nadhifu ambaye hupiga simu hata kwa mtu aliyeketi mbele yake.

"Mzee Mdoe," alisema, "tumepata mafanikio makubwa. Ndani ya siku moja chuo kimeandikisha wanafunzi wapya arobaini na watatu. Wote Ukunga. Wote mwaka wa tatu."

Akanigeuzia karatasi. Nikaona: Nguvumali Shomari, miaka sitini na tisa, mwanafunzi. Alhaji, mwanafunzi. Wauza mchicha tisa, wanafunzi. Chausiku, Skolastika, kinyozi, muuza mkaa na mchunga mbuzi mmoja, wote wanafunzi wa Ukunga wa mwaka wa mwisho, kila mmoja amelipa sehemu, kwa kuwa mtambo haukupelekwa semina ya kukataa pungufu, na kila mmoja anadaiwa iliyobaki.

"Mheshimiwa Waziri amefurahi mno," Bibi Msajili aliendelea. "Wote wanatoka kaya duni. Hatujawahi kupata takwimu kama hizi."

"Na Leokadia Mbawala?" niliuliza.

Akatafuta kwa kidole. "Hajalipa hata senti. Mtambo umemfuta jana saa kumi na dakika moja. Hayupo."

"Mheshimiwa, hizi ni pesa zake. Watu wamemchangia."

"Waraka unasemaje, Mzee Mdoe? Anayelipa ndiye anayesoma. Sisi hatuwezi kumlazimisha mtu asisome wakati amelipa. Ni haki yake ya kikatiba." Halafu kidole chake kikateremka mpaka mwisho wa karatasi, kikasimama. "Namba arobaini na tatu. Zakaria Mdoe. Hongera. Sikujua una wito wa ukunga."

Nilimwomba. Nilimwomba mwanamke yule kama ambavyo sijawahi kumwomba Mungu. Mwishowe akafungua droo, akatoa fomu iliyokuwa haijawahi kutumika, kurasa sita, inaitwa Kiapo cha Kukana Usomi. Kila mmoja wa wale arobaini na watatu akifika mwenyewe na kitambulisho, akajaza, akasaini na kuweka dole gumba, pesa zitahamia kwa Leokadia na jina lake litarudi. Lakini wote, si arobaini na wawili. Na iwe kabla ya saa tatu asubuhi Jumatatu, mtihani unapoanza.

"Si tungefanya leo, mheshimiwa?"

"Leo ni Jumamosi," alisema kwa mshangao. "Ofisi imefungwa."

*

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mtaa wa Kokoto wote ulikuwa kwenye korido ya dirisha langu. Walikuja wamevaa nguo za sikukuu. Leokadia alikuwa na sare na mkoba wake wa mtihani wa vitendo, ambamo kila mwanafunzi hubeba vifaa vyake mwenyewe, kwa sababu chuo hakina: glovu, uzi, wembe mpya na kitambaa safi. Ukumbi wa mtihani ulikuwa hatua ishirini kutoka pale.

Nilianza kuandika saa moja kamili. Sijawahi kuandika vile maishani. Fomu iliuliza jina la bibi mzaa mama, iliuliza kama mwapaji amewahi kusafiri angani, iliuliza sababu ya kuichukia elimu. Hilo la mwisho liliwakwaza watu.

"Mimi siichukii elimu, Zakaria," Mzee Nguvumali alilalamika. "Kwa nini niandike naichukia?"

"Andika tu, mzee wangu. Andika macho yanauma."

"Lakini hayaumi."

"Yataanza kuuma saa tatu! Andika!"

Saa mbili nilikuwa nimefika mtu wa kumi na sita. Saa mbili na nusu, wa thelathini. Skolastika alikuwa anawapanga watu, vitambulisho mkononi, dole gumba limeshapakwa wino. Saa mbili na dakika arobaini na tano nilikuwa mtu wa thelathini na saba, na jasho lilikuwa linadondokea kwenye mihuri. Leokadia alikuwa amesimama kando ya dirisha, midomo inahesabu.

Nikaita, "Chausiku!"

Chausiku hakuja. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, na chini ya miguu yake sakafu ilikuwa imelowa.

"Bado wiki mbili," alisema. "Bado wiki mbili jamani, nani kamwambia aje leo?"

Leokadia alimwangalia Chausiku, akaiangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi. Niliona kila kitu usoni mwake. Halafu akafungua mkoba.

"Maboksi," alisema. "Nileteeni maboksi na khanga safi. Wanaume geukeni. Mama, mshike mgongo. Da Chau, nisikilize mimi, usimsikilize mtu mwingine."

"Nipe kalamu kwanza nisaini!" Chausiku alipiga kelele. "Zakaria, leta fomu huku! Nisaini kwanza!"

Nilitoka dirishani kwa mara ya kwanza katika saa za kazi tangu niajiriwe. Nilipiga magoti kwenye korido na fomu ya kurasa sita, naye alisaini ukurasa wa kwanza na wa pili. Wa tatu uchungu ukamkamata, na kalamu ikaparua karatasi mpaka ikatoboka. Fomu iliyotoboka haipokelewi, imeandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Nilikimbia kuchukua nyingine. Mwanamke hawezi kujaza jina la bibi mzaa mama akiwa anasukuma mtoto, lakini yule alijaribu, Mungu ni shahidi, alijaribu.

Ndani ya ukumbi kengele ililia. Saa tatu. Nilimsikia msimamizi akiwasomea wanafunzi kumi na wanane waliobaki swali la kwanza, taratibu, kwa sauti ya kanisani: "Mama mjamzito ameshikwa na uchungu mahali pasipo na kituo cha afya. Eleza, hatua kwa hatua, utakavyomhudumia. Alama ishirini."

"Sasa," Leokadia alikuwa anasema koridoni. "Usisukume. Hema. Hema tena. Haya sasa, sukuma."

Dirisha la ukumbi likafunguliwa kwa kishindo. Msimamizi akatoa kichwa. "Nyinyi hapo nje! Hamna adabu? Humu ndani watu wanafanya mtihani wa Ukunga!"

Mtoto akalia. Alikuwa wa kike, mdogo kidogo, mzima kabisa. Leokadia alimfunga kitovu kwa uzi wake wa mtihani, akakikata kwa wembe wake wa mtihani, akamfunika kwa kitambaa chake cha mtihani, akamweka kifuani kwa mama yake. Ndani, watu kumi na wanane waliandika.

*

Ijumaa ikatoka ripoti ya Wizara. Mheshimiwa Waziri aliisoma redioni mwenyewe. Alisema uandikishaji wa watu wa kaya duni umepanda kwa kiwango ambacho mataifa makubwa yanakuja kujifunza. Alisema hakuna mdaiwa hata mmoja aliyekalia kiti cha mtihani, na kwamba waliokalia wote wamefaulu. Kuhusu wale arobaini na watatu wa Kokoto, alisikitika kwamba walipewa nafasi wakaitupa: hawakutokea ukumbini hata mmoja, na wamefelishwa kwa utoro. "Maskini," alisema, "ukimpa elimu hukimbia." Niliipiga redio yangu kofi, ikazima, na haijawaka tena.

Leokadia naye alipata barua. Ilimtuhumu kwa kupiga kelele karibu na ukumbi wa mtihani, na kwa kutoa huduma ya ukunga bila kuwa mwanafunzi wala mhitimu. Kwa kuwa hayupo kwenye daftari la chuo, barua ilisema, adhabu haiwezi kutekelezwa, lakini ajirekebishe.

Pesa? Tuliziomba. Tukajibiwa kwamba marejesho hutolewa kwa mhitimu tu, siku ya mahafali yake. Kila mmoja wetu akaandikiwa deni la ada ya mwaka, na kwa kuwa deni halilipwi kidogo kidogo, tuliagizwa kufika dirishani kila tarehe tano ya mwezi, kila mtu na kitambulisho chake, kutamka kwa mdomo wetu kwamba hatujalipa. Asiyefika hufungiwa leseni ya biashara. Mzee Nguvumali hufunga kibanda kila tarehe tano na kutembea maili nne na fimbo yake, anakwenda kusema hajalipa.

Mimi niliondolewa kazini. Hawakuniita mwizi wala mkosefu, walikuwa wema sana. Walisema tu kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuwa mtumishi, nami nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kiinua mgongo changu kilichukuliwa kulipia deni, na hapo nikaambiwa kwamba ni pungufu, hivyo hakihesabiki.

Nafasi ya dirisha namba tatu ikatangazwa. Mwombaji awe amefika kidato cha nne, awe mkazi wa jirani, na asiwe na deni lolote chuoni. Sharti hilo la tatu liliwashinda wote. Kokoto nzima ilikuwa inadaiwa, na mitaa ya jirani kila nyumba ina mtoto aliyefutwa na deni lililobaki. Walichambua daftari wiki mbili, wakampata mtu mmoja tu ambaye chuo hakimdai hata senti, kwa sababu hakuwahi kuwamo.

Alikuja kwangu kuniaga, kana kwamba anasafiri.

"Nimepiga hesabu, mzee," Leokadia alisema. "Nikiweka mshahara wote, nikila kwa mama, baada ya miaka miwili nitakuwa na milioni moja na laki mbili. Nitalipa kwa mkupuo."

"Mwanangu, mtumishi haruhusiwi kuwa mwanafunzi."

"Najua. Nitaacha kazi asubuhi, nitalipa mchana."

Sikumwambia kwamba ada ilikuwa imeshapandishwa. Nilimfundisha tu kufungua ile droo inayokwama, unaiinua kidogo kabla ya kuivuta.

*

Jana ilikuwa tarehe tano. Nilipanga foleni kama wengine. Mbele yangu alikuwa Skolastika, amevaa khanga yake nzuri, kitambulisho kwenye leso. Mbele yake alikuwa Chausiku na mtoto mgongoni, anayeanza kukaa. Ilikuwa mara ya kwanza Skolastika kuangukia dirisha namba tatu; miezi yote alikuwa akijipanga la nne makusudi, lakini jana la nne lilifungwa, karani wake alikuwa semina.

Leokadia alikuwa nyuma ya kioo, shati jeupe, tai ya chuo. Kamera ilikuwa juu yake, taa yake nyekundu inawaka. Skolastika akasogea.

"Jina?" Leokadia aliuliza.

"Mwanangu, jina langu si unalijua."

"Jina kamili, mama. Kama lilivyo kwenye kitambulisho." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini alikuwa anatabasamu. Nilijua tabasamu lile lilikofundishwa.

"Skolastika Mbawala."

"Mwaka wa masomo?"

"Wa tatu. Wa mwisho."

"Umelipa?"

"Sijalipa."

Kalamu ilisimama. Ilibaki nafasi moja kwenye fomu, naijua, nafasi kama hiyo niliijaza miaka ishirini na sita. Leokadia aliitazama nafasi ile kwa muda mrefu, mpaka watu nyuma yangu wakaanza kuguna.

"Kozi?" aliuliza.

Skolastika aliweka kiganja kwenye kioo.

"Ukunga," alisema.

Leokadia akaandika.